Filimbi Kwanza, Mpira Baadaye

Hongera, mwalimu. Umepewa timu ya mpira ya chuo hapa Igoma kwa sababu siku moja pale Nyamagana ulisimama karibu na mchezaji wa Pamba mpaka jasho lake likakurukia, na kwa sababu aliyekutangulia siku hizi hapokei simu. Sifa hizo zinatosha. Kazi yenyewe nitakufundisha bure.

Anza na filimbi. Nunua ya maana, yenye kamba, uivae shingoni hata ukienda sokoni kununua nyanya. Mpira ni suala la baadaye. Chuo kinao mmoja kwa wachezaji 26, nao fundi viatu wa stendi ameshaushona mara tatu kwa uzi wa nailoni. Upande wa mshono umevimba kama shavu la mwenye jino bovu, kwa hiyo ukipigwa sawasawa unakata kushoto na kutumbukia kwenye mihogo ya jirani. Usiombe mwingine. Mpira mmoja hujenga nidhamu: mmoja anacheza, 25 wanatazama na kutafakari maisha.

Mazoezi ni saa kumi jioni. Wewe fika saa kumi na moja kasoro, uso umeukunja, kisha uwaadhibu waliochelewa. Atakayekuja na "Shikamoo mwalimu, samahani, tulikuwa na tesiti," mjibu: "Dogo, Messi alifanya tesiti?" Mtume akimbie hadi kwenye mawe ya juu kule na kurudi, mara kumi. Waliowahi watamsubiri mpaka misuli ipoe vizuri. Kuna programu ya kupasha misuli iitwayo 11+, FIFA waliileta mwaka 2006. Ni dakika 20 tu, haihitaji vifaa vya kununua, na utafiti umeonyesha inapunguza majeruhi. Achana nayo. Goti la kijana likivimba, sema hana moyo. Maji nayo ni ya walegevu. Ziwa Victoria halijahama, watakunywa wakishahitimu.

Sasa hotuba, na hapa usibane matumizi. Dakika 40 kabla ya mechi, wachezaji wamesimama juani, njumu za kuazima zinawabana vidole. Panda juu ya jiwe. Mungu aliimwagia Mwanza mawe makusudi kwa ajili ya makocha. Lazima uitaje Mbao FC. Aprili 2017, CCM Kirumba, vijana wa Mwanza wakaitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Jipige kifua: "Walikuwa na nini? Moyo!" Usiguse habari kwamba bao lenyewe, lile moja tu, ni beki wa Yanga aliyejifunga. Wala usifike Dodoma, kwenye fainali, ambako Simba waliwafunga 2-1 katika dakika za nyongeza, saa ambayo miguu ndiyo huulizwa maswali na moyo hauna majibu. Kipa akinyoosha mkono kuuliza, "Mwalimu, kona tunazikabaje?" mwambie, "Kwa uchungu." Ataandika.

Maneno yakigoma, ipo kamati ya ufundi, yaani mganga. Utajitetea kwamba hii ni Usukumani, na kwamba hapo Kisesa, nauli ya daladala tu kutoka Igoma, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na kwa dawa kila sikukuu ya Bulabo. Ni kweli, ng'wanawane. Wanacheza saa ileile, kila kundi upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ila yule kijana unayemwona Bujora, hapohapo Kisesa, mwezi Juni na chatu shingoni hakumvaa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Wamefanya mazoezi mpaka nyayo zikaota sugu, ndipo dawa ikafuata. Wewe ruka hatua hiyo. Changisha buku mbili kila kichwa, kisha timu nzima iingie uwanjani kinyumenyume kupitia tundu la uzio. Zimepatikana 52,000. Usipige hesabu ya mpira wa pili.

Bumu likitoka, mazoezini watakuja sita. Hao sita ndio uwafokee kwa niaba ya wale ishirini. Na mkifungwa nne, sababu zipo za kutosha: mwamuzi, vumbi, upepo wa ziwani. Mkishinda, ni ile hotuba.

Kuna jambo moja la kukutia hofu. Ukipita uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, unaweza kukuta kumi hivi wamekaa mduara, wawili katikati wanausaka mpira. Mguso mmoja, anayepoteza anaingia kati. Wanacheka. Yule wa tesiti ndiye aliyewahi kuliko wote, na ameshagundua kwamba akiupiga kwa nje ya mguu ile nundu inausaidia kupinda kuelekea golini. Kipa anaomba krosi nyingine, anaitema, anaomba nyingine. Hakuna aliyewatuma.

Puliza filimbi upesi. Wapange mstari, uwaulize nani kawapa ruhusa ya kugusa mpira kocha hayupo.