Uwe Mwekezaji Ukiwa na Faili Polisi

Weka kwanza mkoba wa pesa chini, tuangalie pasipoti. Kwa viza ya mwekezaji ya Marekani, E-2, nchi yako lazima iwe na mkataba na Marekani: Mkongo wa Kinshasa na Mwomani wanao. Mkenya na Mtanzania hawana. Asiye na mkataba hubaki na EB-5, viza ya ukazi kwa mwekezaji: dola 800,000 hata kwenye maeneo yaliyopunguziwa kiwango, na kuanzisha ajira 10. Hapo wengi wetu tunaagana.

Wewe uliyebaki, fungua fomu ya maombi ya viza, DS-160, shuka mpaka wanapouliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Soma tena, polepole. Hawakuuliza kama ulifungwa. Ulilala mahabusu usiku mmoja ukaachiwa asubuhi? Jibu ni ndiyo. Ulitoka kwa msamaha wa rais? Ndiyo. Najua kidole kinavutwa kwenye "hapana". Kitoe hapo, nakusihi. Kuna makosa madogo ambayo peke yake yasingekuzuia, lakini uongo juu yake unaweza kukufungia mlango maisha.

Na "dogo" lina kipimo chake. Kosa liwe moja tu, adhabu yake ya juu kisheria isizidi mwaka mmoja, na kifungo ulichopewa kisizidi miezi 6. Mwomani aliyetozwa faini Mombasa kwa wizi wa simu hujiona salama, maana hakimu alimhurumia. Ole wake: wizi wa kawaida Kenya una adhabu ya hadi miaka 3, na hiyo ndiyo inayohesabiwa. Usikisie uzito wa kosa lako: nenda kwa karani wa mahakama, subiri faili lifunguliwe kamba, utoke na nakala ya hukumu yenye muhuri.

Usikate tamaa. Mwombaji wa E-2 anaweza kuombewa msamaha wa kuingia Marekani kwa karibu kila kosa la jinai. Kesi ya uhamiaji ya Marekani iitwayo Hranka, ya 1978, iliweka mizani ya mambo matatu: hatari yako kwa jamii, uzito wa kosa, na sababu ya safari. Mwenye laki 8 zake za EB-5 anaomba ukazi, na huko msamaha ni finyu: kwa dawa za kulevya haupatikani, isipokuwa kwa kupatikana mara moja na bangi isiyozidi gramu 30.

Sasa barua ya kuomba msamaha huo. Usianze na "shetani alinipitia". Shetani hajaomba viza. Andika mwaka, ulichochukua, ulichomlipa mwenye mali, na kazi uliyofanya tangu siku ile.