Imekauka Hii?

Waandaaji wa maonesho walitaka kazi mpya. Waliandika hivyo mara mbili kwenye mwaliko, ya pili kwa herufi nene, kana kwamba walishanijua: kazi mpya, isiyowahi kuoneshwa popote. Sasa mimi ni mchoraji wa Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya silingibodi, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne ya kuchora, basi, na sisi tuliomfuata tunamla chui wake hadi leo. Tumemwongezea mlima Kilimanjaro, siku hizi hata daladala na foleni yake, lakini mteja akiingia kibandani anauliza chui yuko wapi. Ukisikia watu wa sanaa wanasema tunarudia mambo yale yale, waambie wajaribu kulipa ada ya shule kwa mambo mengine.

Hata hivyo wazo nilikuwa nalo. Chui mmoja, peke yake, katikati ya uwanja mweupe mtupu. Hakuna mti, hakuna ndege, hakuna mlima. Anayezijua kazi zetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Mchoraji wa Tingatinga wa leo havumilii pengo. Akiona nafasi yenye ukubwa wa sarafu, anatia kipepeo. Na ukweli ni kwamba nilikuwa narudi kwa Mzee mwenyewe, maana picha zake nyingi ndivyo zilivyo: mraba wa futi mbili hivi, mnyama mmoja, nyuma yake rangi basi. Kazi mpya niliyotaka kuwapelekea waandaaji ilikuwa imezeeka kunishinda mimi. Hilo sikuliandika kwenye fomu.

Wazo kama lile halichorwi kibandani. Pale tunakaa bega kwa bega. Ukibuni kitu asubuhi, adhuhuri jirani yako naye anacho, na jioni anakiuza kwa bei ya chini kuliko yako, tena anakuita uje uone. Nikabeba makopo na brashi nikahamia nyumbani Mwananyamala, kwenye vyumba viwili na ua tunaochangia na wapangaji wenzetu. Huko, nikajiambia, chui wangu hataibwa na mtu.

Hataibwa, sawa. Ila hapa lazima niseme kidogo habari za rangi.

Sisi hatutumii zile rangi za wasanii za kukamua kwenye tyubu. Tunatumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ya milango na mageti. Inang'aa, inadumu, na bei yake inaeleweka. Ila kukauka kwake kuna fitina. Kwanza thina inaruka, jambo la haraka, hata pua inajua. Kisha mafuta yaliyobaki yanaanza kuvuta hewa na kuganda, na yanaganda kuanzia juu. Kwa hiyo kesho yake picha inakuwa na ngozi. Ukiitazama, imekauka. Ukiipuliza, imekauka. Ukiibonyeza, ngozi inazama kwenye uji ulio chini yake, inajikunja pembeni, na alama ya kidole chako inabaki pale na mistari yake yote, safi kuliko ile uliyoacha ulipokwenda kuchukua kitambulisho cha taifa. Na hayo ni ya kiangazi. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam yenyewe imelowa. Shati unalovaa leo ulilifua wiki iliyopita na bado linanuka ndoo. Waandaaji, Mungu awape heri, walipanga maonesho yao mwisho wa mwezi wa tano.

Nikaelekeza feni kwenye picha. Feni inakausha, siwezi kuisingizia. Lakini pia inazoa vumbi lote la uwani na kulipanda mgongoni mwa chui, hadi akaanza kuota manyoya ya kweli. Nikaizima. Muda si muda umeme ukakatika mtaa mzima, kwa hiyo hata ningeiacha.

Umeme uliporudi ilikuwa usiku na mvua imekatika, na taa yangu ndiyo ilikuwa imeachwa inawaka pale kwenye picha. Wanaokaa nchi hii wanajua nini huja kwenye taa baada ya mvua ya masika. Kumbikumbi walikuja kama walivyoalikwa. Uwanja mweupe, taa juu yake, rangi mbichi: nilikuta wamelala kila mahali, mabawa yamenata, wengine bado wanatembea kwa miguu kuelekea kwa chui. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika juzi yake kutoka Masasi na ndoo ya korosho, alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Masikini," akasema. "Wote hawa wameharibika."

Nilianza kumshukuru kwa pole yake, halafu nikaona ameshika sufuria.

Lakini wadudu ni wadudu, wana kiasi. Shida yenyewe ni vidole.

Wa kwanza alikuwa baba mwenye nyumba, aliyekuja kwa habari ya kodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nina maonesho mwisho wa mwezi, baba. Nikimuuza huyu chui, nakulipa na ya mbele."

"Huyu?" Akamsogelea, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Imekauka hii?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, kidole cha shahada kilishaingia, juu kidogo ya mgongo wa chui, katikati ya ule weupe niliousugua na kuupaka upya hadi ukawa kama hewa.

"Bado," akaniarifu. Akajifutia kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, akaondoka.

Tangu hapo nimeamini kwamba binadamu anaweza kukuamini kwa mambo mengi, ukoo wako, dini yako, hata deni, lakini hawezi kukuamini kwamba rangi haijakauka. Hilo lazima alithibitishe. Muuza maji alithibitisha. Mpangaji wa chumba cha pili, aliyekuja kuazima jembe, alithibitisha kwa kidole gumba. Fundi wa kurekebisha bomba la uwani hakuwa na shughuli yoyote na upande ule wa ukuta, ila alipita.

Nikaandika kibao: TAFADHALI USIGUSE, RANGI MBICHI. Nikakibandika kwenye ukingo wa chini wa picha, mahali ambapo kila mtu atakiona. Aliyekisoma kwa bidii kuliko wote ni mwanangu wa darasa la pili. Alikisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole kikifuata herufi kama mwalimu wake alivyomfundisha. Ta-fa-dha-li. U-si-gu-se. Alipofika kwenye "chi" ya mwisho herufi ziliisha, ila kidole kilikuwa na mwendo, kikaendelea. Kikachora mstari wa kama shubiri moja kwenye rangi ya jana. Kisha akanigeukia amefurahi, anasubiri nimsifu kwa kusoma. Nikamsifu. Ningefanyaje? Alikuwa hajakosea hata silabi moja.

Mama mkwe yeye hakutumia kidole. Aliweka kiganja kizima, taratibu, vidole vimetanuka, akakiacha pale kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "hii bado ina jasho."

"Asante, mama," nikasema. Kwa mama mkwe mtu hana neno jingine.

Sasa, mtu wa rangi nyingine angefuta. Rangi ya mafuta iliyoshika ngozi haifutiki. Ukitia kitambaa chenye thina unapata tope, ukipiga msasa inabidi upake upya, ukipaka upya unarudi mwanzo wa kukauka, na kalenda haikungoji. Kwa hiyo nilifanya lile tulilofundishwa sote. Nilitazama kidole cha baba mwenye nyumba kwa muda mrefu. Ni mtu mnene kidogo, kidole chake kimeacha yai zuri kabisa. Nikaliongezea shingo, kichwa chenye upanga mwekundu, miguu miwili. Nikalipaka weusi, kisha kwa kitako cha brashi nikatia madoa meupe, nukta kwa nukta. Kanga. Kanga mwenye mwili wa kuaminika, mtu asingedhani ni kodi ya miezi mitatu.

Baada ya kanga wa kwanza mkono unazoea. Muuza maji akawa kanga. Fundi bomba akawa vifaranga wawili wa kanga (alithibitisha mara mbili). Kidole gumba cha mpangaji wa chumba cha pili kilikuwa kimelala kifudifudi, akawa kobe. Mstari wa mwanangu ukawa nyoka, na mwenyewe alidai awe na meno. Kumbikumbi niliwang'oa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, lakini mabawa yalikataa kutoka, nayo yalikuwa tayari yana umbo, basi nikayapaka rangi nikapata vipepeo. Kiganja cha mama mkwe ndicho kilichonipa kazi. Nilikizunguka kutwa nzima. Halafu nikakiona: kiganja ni shina nene, fupi, lenye tumbo, vidole vitano ni matawi mafupi yasiyo na majani. Sijapata kuchora mbuyu kama ule maisha yangu yote, na sikuuchora mimi.

Kwa hiyo chui wangu wa upweke akaishia kukaa katikati ya kijiji, kama chui wengine wote wa Tingatinga tangu Mzee afariki. Hata nafasi tupu iliyobaki pembeni ya mkia wake niliitia kipepeo mwenyewe, kabla mtu hajapita.

Fundi seremala sitamzungumzia. Fremu aliahidi Jumatano, ikaja Ijumaa, ina pembe nne zisizoelewana.

Kilichobaki ni yale maelezo ya msanii. Fomu iliuliza "dhana ya kazi" ni nini, kwa maneno yasiyozidi 150. Nikamwita binti wa shangazi yangu, yuko chuo kikuu, anajua kuandika mambo ambayo hayana kitu. Alikaa mbele ya picha, mikono kifuani (nilimwomba aikunje), akauliza kila alama. Nilimweleza. Akaandika kwamba kazi hii inahoji mipaka kati ya mtu binafsi na jamii.

"Mimi nimehoji?" nikamuuliza.

"Umehoji, kaka."

Akauliza mkono kwenye mbuyu ni wa nani. Nikasema ni wa mama. Akaandika kwamba mti umeota kutoka kwenye mwili wa mwanamke, na kwamba mguso huo ni ushahidi wa mapenzi. Ilikuwa nzuri hata mimi niliguswa. Mke wangu aliisoma usiku ule, akarudia sentensi ile, akauliza mwanamke gani. Ilibidi tumwamshe mama yake aje kupima kiganja.

Siku ya kupeleka mzigo, mvua. Bajaji ndiyo iliyokubali. Turubai la nailoni nilikuwa nalo, lakini likigusa picha linanata na kuondoka na ngozi, kwa hiyo nilikaa nyuma nimeishika picha wima kwa kingo, uso wake umetazama nje, pembe moja imetokeza barabarani. Dereva alikuwa kijana mpole, anaendesha kama amebeba mgonjwa. Kwenye mataa ya Morocco trafiki akanyoosha mkono.

Alikuja taratibu na mwavuli, sare nyeupe pee, haina hata tone la tope. Siku kama ile, sijui anafanyaje.

"Mzigo gani huo unatokeza?"

"Picha, afande."

Akainama. Akamtazama chui. Chui akamtazama.

"Kibali cha nyara za serikali mnacho?"

Alikuwa anatania, ila kwa uso usio wa utani, na dereva wangu akaanza kupapasa mifuko yake yote. Trafiki akacheka peke yake, akasogea zaidi.

"Kanga wengi hawa. Na huu mbuyu! Kwetu Dodoma iko hivi hivi." Akauelekezea kidole. Kidole kikawa kinakaribia. "Imekauka hii?"

Shina nilikuwa nimeliongezea rangi ya udongo usiku wa kuamkia siku ile. Nilimwangalia yeye, nikaangalia foleni nyuma yetu, nikaangalia pembe ya fremu iliyotokeza barabarani kinyume cha sheria.

"Imekauka, afande."

Akabonyeza. Akakitazama kidole chake. Halafu, kama afanyavyo kila mtu bila kufikiri, akajifuta pajani.

"Haya nendeni," akasema. "Na huo mzigo muuingize ndani."

Tulivuka mataa. Dereva alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Kaka, ile rangi inatoka kwa sabuni?"

"Haitoki."

"Kwa mafuta ya taa?"

"Kwenye brashi inatoka."

Akavuta mafuta. Upole wote ukaisha, tukawa tunapita kwenye madimbwi kwa mwendo wa ambulansi, na mimi nimeshika kingo, naangalia shina la mbuyu penye kidole kipya, napima kama patatosha bundi. Bundi ana mkosi, hakuna atakayemweka sebuleni. Basi kima.