Mkwe, Hii Gari Ilikuwa Inakwenda

Jumamosi iliyopita mama mkwe wangu alisukuma gari. Alisukuma kwa mikono miwili, kitenge kipya amekifunga kibwebwe, viatu ameviacha ndani visiharibike. Ilikuwa Kiwira, mbele ya akina mama wauza ndizi, chini ya mvua yetu ya Rungwe isiyojua kukatika. Mimi nilikuwa nimekaa ndani nimeshika usukani, maana lazima mtu mmoja ashike usukani, na kwa sheria ambayo sijui ilitungwa na nani, mtu huyo ni mwenye gari. Kila mzee aliyepita alinisalimia, nami nikaitikia dirishani, "Ndaga, ndaga," kwa kuwa huku kwetu salamu haikataliwi hata mtu akiwa anaaibika.

Tulipofika kando ya barabara mama akaja dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mkwe," akasema kwa upole kabisa, "hii gari kabla hujaitengeneza ilikuwa inakwenda."

Afadhali angenitukana.

Ni kweli lilikuwa linakwenda. Ni Corolla ya 1988, injini ya 5A-F, ya kabureta. Na kabureta ni kifaa cha kustaajabisha: hakina akili hata chembe, lakini kinafanya kazi. Petroli kilo moja inataka hewa kilo 14.7 ili iungue yote. Kabureta haipimi kitu. Hewa ikipita kwenye shingo iliyobanwa hukimbia, ikikimbia kanieneo yake hushuka, na petroli iliyotulia kwenye kibakuli pembeni hufyonzwa kupitia kitundu cha upana wa sindano. Kitundu hicho kimetobolewa kiwandani. Hakipanuki wala hakisinyai. Sasa mwambie fundi alisete gari hilo Kyela, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari. Halafu lipandishe Tukuyu, mita kama 1,600, na uendelee hadi Isongole, ambako unapita mita 2,000. Hewa imekuwa nyepesi, kitundu ni kilekile. Injini inanyweshwa petroli isiyo na hewa ya kuiunguzia. Plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya msibani, moshi unafuka, na fuso la ndizi linakupita mlimani huku utingo wake akikupungia mkono.

Injini hiyo ina ndugu yake, 5A-FE. Ile E ya mwisho ndiyo EFI, yaani petroli hupulizwa na nozeli zinazoamriwa na kompyuta, si kabureta. Bloku zao zinafanana. Nikajiambia: nikipata manifoldi, nozeli nne, distribyuta, pampu, kontroli boksi na waya zake, kazi iliyobaki ni ya spana. Ushauri huo nilijipa mwenyewe, bure.

Kilichoniteka kabisa ni sensa moja ya kupima kanieneo. Ina ukubwa wa kiberiti, na inaungana na manifoldi kwa mpira mwembamba. Ukikanyaga mafuta kidogo, mvuto ndani ya manifoldi ni mkali. Ukikanyaga hadi chini, mvuto unaisha. Sensa inaugeuza mvuto huo kuwa volti, boksi linaiweka pamoja na mizunguko ya injini, joto la maji na joto la hewa, kisha linaiamuru nozeli ifunguke, tuseme, milisekunde tatu. Tatu! Halafu inajifunga, inasubiri zamu yake, inafunguka tena, Kyela kwa kipimo cha Kyela na Isongole kwa kipimo cha Isongole. Usiku nilikuwa nakodoa macho darini nikiziwaza hizo milisekunde. Mke wangu alidhani nina madeni. Baadaye nikawa nayo.

Tatizo la boksi ni kwamba halioni, linaamini linaloambiwa. Na ule mpira mwembamba nilioutumia ulikuwa mpira wa dripu, kwa sababu ulikuwepo nyumbani na ulienea. Ukipata joto unalegea. Pale Kiwira ukachomoka. Sensa ikakutana na hewa ya nje, ikaripoti kwamba dereva amekanyaga mpaka sakafuni, nozeli zikamimina petroli kama soda za harusini, moshi mweusi ukawafunika wauza ndizi, gari likazima.

Nikafanya mambo ya kitaalamu. Nikachukua pini ya kubania karatasi, nikaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi ili taa ya injini ikonyeze namba ya ugonjwa. Ingekonyeza tatu kisha moja, ningejua ni 31, sensa ya kanieneo. Ikakonyeza kwa mwendo mmoja bila kupumzika, na maana yake ni kwamba kila kitu kiko salama. Haikudanganya. Sensa ilikuwa nzima, inapima kwa uaminifu hewa ya Kiwira.

Kabla ya hapo pampu mpya, yenye nguvu karibu mara kumi ya ile ya kabureta, ilipasua mpira wa zamani wa petroli, na jirani akazima jiko na kuhamia kwa dada yake hadi jioni. Kutu ya tangi iliziba nozeli mbili. Panya alikula waya wa sensa ya maji.

Hayo ni yangu, nayakubali. Nisilolikubali ni waya. Wauza spea za mtumba wanapovua injini hawafungui soketi, wanakata. Boksi lilinifikia na mkia wa waya wenye urefu wa kidole, zaidi ya waya arobaini, nyingi zimepauka hujui ipi kijani ipi bluu. Kuchomoa soketi ni dakika moja. Wao wameiokoa hiyo dakika, mimi nimelipa miezi mitatu ya kuunga, kusoldia na kukisia, na pesa nilitoa kamili. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa fundi yeyote anaweza kuunga. Na boksi lenyewe, nililoambiwa ni la manyo, ni la otomatiki.

Gari lilipanda Isongole mara mbili bila moshi kabla ya Jumamosi ile. Mama mkwe hakuwemo.

Mwenye waya za 5A-FE za gari la manyo, nzima, zisizokatwa, anitafute. Niko Bulyaga, ulizia gari lililofunikwa turubai.