Kasha la Shangazi na Kamba ya Ami

Ukuta ndio uliolifungua kasha. Ami, mdogo wake marehemu baba, alistaafu kazi ya bandarini Mombasa akarudi Waa na azma moja tu, kulizungushia shamba la wazee ukuta. Mawe ya kuchonga yalikwisha kushushwa chini ya mwembe na fundi amekwisha kuvuta kamba, ndipo mzee wa nyumba ya kusini akaja na wanawe wawili. Alitoa salamu, akaketi barazani, akanywa kahawa mpaka kikombe kikaisha, kisha akauliza, "Ndugu yangu, kamba hii imevutwa kwa karatasi gani?"

Ami hakuwa na jibu, wala sisi wengine. Huku kusini, toka Likoni mpaka Lunga Lunga, kuulizwa karatasi ya shamba si jambo dogo. Wako watu waliozaliwa, wakazaa na kuzika juu ya ardhi ileile, na bado wanaitwa maskwota. Sisi tulikuwa na masimulizi, tena mengi. Ami alishikilia kwamba babu yake babu yetu, yule mwenye minazi, alilirithi shamba kwa baba yake mzazi. Mama alisikia kwamba alilinunua. Binamu zangu walikua wakiambiwa kwamba alikuwa sahibu wa Mbaruk wa Gasi na kwamba minazi yake ilianzia barabarani ikashuka hadi karibu na majabali ya pwani. Shangazi, mkubwa wa wote, alisikiliza hadi wakachoka, akasema, "Karatasi zimo kashani."

Kasha hilo la njumu za shaba lilikaa uvunguni mwa kitanda chake tangu nipate akili. Watoto tulikatazwa hata kuligusa. Ufunguo ulikwisha kupotea, na kufuli ilikuwa imeshikana kwa kutu, basi akaletwa fundi kutoka Ukunda, akaikata. Kifuniko kilipoinuliwa, Ami alitamka bismillahi kwa sauti. Mchwa walikuwa wametangulia. Walipanda kwa mguu mmoja wa kasha, wakatoboa ubao wa chini, na karatasi za chini kabisa zilikuwa udongo mtupu. Zilizosalimika ni zile zilizofungwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu, nazo zilikuwa na unyevu wa masika kadhaa.

Ilikubaliwa zianikwe juu ya mkeka barazani. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha upepo wa kusi ukavuma kutoka baharini, karatasi tatu zikaruka mpaka zizini, na watu wazima wenye heshima zao wakaonekana wakizikimbilia na kanzu wamezipandisha magotini. Zilipatikana zote. Mke wa Ami, aliyeona hatari ya upepo kurudi, alifanya aliloona la busara: alikoleza pasi ya makaa, akafunika karatasi kwa kitambaa, akaanza kuzikausha moja moja. Ya kwanza ilinyooka, na ya pili pia. Ya tatu ilipoinuliwa pembe yake ya chini ilikuwa imegeuka kahawia, na alama ya ncha ya pasi imekaa juu ya mistari miwili ya maandishi. Alilia yule mama, akalia kweli. Shangazi akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Tia makaa hayo jikoni, watu hawajanywa chai."

Hakuna kati yetu aliyeweza kusoma mkono ule. Ni Kiswahili, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliofifia na mwandiko wa haraka wa mtu aliyeandikia wengi. Tulimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee aliyesomeshwa herufi hizo na baba yake. Akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti kwamba mwenye minazi amemuuzia mtu wa Mombasa minazi 40 pamoja na ardhi yake, kwa riale kadhaa alizokwisha kupokea mkononi.

Ghasia iliyofuata ilisikika barabarani. Ami alisimama akashika kichwa. Binamu mmoja alitoka nje kumpigia simu kaka yake aliyeko Doha kumwambia kwamba shamba lote halikuwa letu na hela alizotuma za mawe zimepotea. Mama akasema alijua. Mwalimu alingoja watulie, akasema sentensi haijaisha. Mauzo yale ni ya khiyari.

Inafaa kulieleza hili taratibu, maana nyumba nyingi za pwani zina karatasi kama ile, na wajukuu wamekata tamaa kwa kuisoma nusu. Uislamu unakataza riba. Wenye fedha wa Mombasa, Zanzibar na Oman walikuwa na njia yao ya kukopesha: mwenye shamba huandikwa kwamba ameuza, lakini anabaki na khiyari ya kulikomboa akirudisha fedha zilezile kabla ya muda waliopatana. Kwa muda huo mnunuzi ndiye anayekula nazi. Akishindwa kulipa, shamba limekwenda. Kinachowekwa rehani mara nyingi ni minazi, kwa sababu pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyoubeba ikawa na mwenyewe mwingine, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa miti kabla haujahesabiwa kwa ekari.

Mwaka ulioandikwa ni 1302 wa Hijria. Mwalimu aliupiga hesabu ukaangukia kati ya Oktoba 1884 na Oktoba 1885. Shangazi hakuhitaji hesabu. "Huo ni Mwakisenge," alisema. Ndiyo njaa iliyowakumba Mijikenda miaka hiyo, ambapo mvua zilikatika na watu wakashuka mijini kuwaweka rehani watoto wao kwa nafaka. Mtu aliyeweza kuweka minazi badala ya mtoto alikuwa na bahati, nami sitamlaumu kwa riale zile.

Karatasi ya pili, ya miaka michache baadaye, inasema fedha zimerudishwa na minazi imerudi kwa mwenyewe. Haisemi fedha zilitoka wapi. Shangazi ndiye aliyejua, kwa kuwa alilelewa na bibi yake mzaa baba, na bibi huyo alikuwa mjukuu wa dada yake mwenye minazi. Dada yule aliuza mitali yake ya fedha, yote miwili, na mbuzi wake. Karatasi ina jina la mnunuzi, la muuzaji, la mwandishi na mashahidi wanne. Jina la mwanamke aliyelipa halimo. Nilimtazama Shangazi akilitamka jina hilo huku mwalimu ameshika kalamu, nikaelewa kwamba karatasi zile pekee zisingetufikisha kwa mtu tuliyekuwa tukimtafuta.

Halafu ikasomwa ile iliyoungua. Sehemu ya juu ilikuwa nzima, nayo ilimpiga Ami kuliko habari ya kuuzwa. Inasema shamba la Waa ni la mwenye minazi "kwa urithi wa mjomba wake".

Ami alitaka isomwe tena. Ikasomwa. Kwa Wadigo wenzetu wa zama zile hakukuwa na ajabu yoyote. Mali ya mwanamume ilikwenda kwa wana wa dada yake, na ukoo ulifuatwa kwa mama. Uislamu ulipoenea vijijini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, urithi wa kisheria ukaingia, wana wakarithi kwa baba zao, na binti naye akapewa nusu ya fungu la mwana. Taratibu hizo mbili ziliishi pamoja kwa miongo mingi, na magomvi yake yaliwachosha makadhi, wazee na serikali ya Waingereza vilevile. Maana yake kwa nyumba yetu ilikuwa wazi. Ikiwa mwenye minazi alilipata shamba kwa mjomba, basi kwa desturi iliyompa yeye, baada yake lilikuwa liende kwa wana wa dada yake. Na wana wa dada yake ndio wazee wa nyumba ya kusini. Tangu utotoni wao hutuita wajomba, nasi huwaita wapwa, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Zilikuwapo karatasi nyingine. Moja ya 1313, yaani kati ya Juni 1895 na Juni 1896, ilimfurahisha Ami kabla haijasomwa, maana ni wakati wa vita vya Mbaruk. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, ambaye nyumba yake bado iko Gasi, aliingia vitani na Waingereza mwaka 1895 baada ya ugomvi wa urithi wa Takaungu. Mnamo Agosti mwaka huo wanajeshi wa Admirali Rawson waliivamia ngome yake ya Mwele. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Ami alitumaini kumwona mzee wetu katika habari hiyo akiwa na bunduki. Karatasi ina mistari mitatu: nazi zimechukuliwa na askari, mihogo imeng'olewa, watu wamekimbilia msituni kwenye kaya, maskani ya kale ya wazee. Haitaji askari wa upande gani. Kwa mwenye shamba anayehesabu alichobakiwa nacho, nadhani halikuwa swali la kwanza.

Orodha iliyofuata ilikuwa ya majina matupu. Mwalimu alisoma manne akanyamaza. Hayakuwa majina ya Kidigo. Yalikuwa ya vito na ya bahati, ya aina ile waliyopewa watu waliokwisha kununuliwa, na kando ya kila moja kulikuwa na bei au kazi. Barazani hapakuwa na aliyetikisika. Kijana mmoja alisema orodha ile irudishwe kashani, mambo ya zamani yaachwe. Shangazi alikataa. "Hao ndio waliopanda," alisema. "Mzee hakuwahi kuchimba shimo la mnazi. Soma wote."

Wakasomwa wote, nami naona alifanya haki. Kisheria utumwa katika ukanda wa pwani ulikomeshwa mwaka 1907, na waliobaki mashambani walibaki bila jina kwenye karatasi yoyote ya ardhi. Minazi tunayojivunia ni mirefu kwa sababu walioiotesha walisimamiwa juani na watu wetu. Shangazi anajua makaburi yao yaliko, upande wa magharibi, karibu na mikorosho. Alionyeshwa na bibi yake, naye alitupeleka jioni ileile tukaweka alama.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Kiingereza, kipande chenye nambari. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wote wenye madai katika ukanda wa maili 10, ule Waingereza waliokodishwa na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, wayalete yasikilizwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wengi wa Mijikenda hawakudai, kwani ardhi ya ukoo haikuwa na mtu mmoja wa kuandikwa. Mzee wetu alikwisha kufa. Mwanawe, babu yake Ami, alikwenda akadai. Binamu yangu aliifuata ile nambari Mombasa, akarudi na nakala ya hati na ramani. Jina moja, mtu mmoja. Na mstari wa kusini wa ramani umepita ng'ambo ya kisima, ndani ya ua wa wapwa.

Kwa hiyo Ami alipata alichotaka. Hati ilikuwa upande wake, tena kwa hatua nyingi kuliko kamba ya fundi. Mistari miwili iliyoungua kwa pasi huenda ndiyo iliyotaja mpaka wa kusini wa zamani, na hakuna tena wa kuisoma. Nilimwona akiikunja ramani, akaikunjua, akaikunja tena. Nilihofu sana usiku ule. Nimeona ndugu wa Tiwi na Ng'ombeni wakikutana mahakamani pekee kwa sababu ya mstari kama huo.

Asubuhi Shangazi alimwomba Ami amsindikize kisimani, taratibu, kwa fimbo yake. Mzee wa kusini aliitwa pia. Akawaambia aliyoambiwa na bibi yake, kwamba kisima kilichimbwa na yule dada, na kwamba mwenye minazi mwenyewe hakuwahi kuchota bila kuomba. "Babu yako aliandika jina lake peke yake kwa kuwa Mzungu aliuliza jina moja," alimwambia Ami. "Mke wake alimlaumu mpaka anakufa. Mimi nilikuwa nikimsikia."

Ami ni mtu wa hasira, lakini si mtu wa kumwambia dada yake mkubwa kwamba anasema uongo. Alisimama pale kitambo, akamwita fundi, kamba ikarudishwa upande wa huku wa kisima. Mawe yaliyozidi wapwa waliyanunua kwa bei aliyoyanunulia. Mwalimu aliandika karatasi mpya, safari hii kwa herufi mbili, za Kiarabu na za Kirumi, ikiwa na jina la dada mtu, habari ya mitali, na orodha ya waliopanda. Kila nyumba ilitoa mashahidi, na Shangazi alitaka nusu yao wawe wanawake.

Iko minazi kati ya kamba ya Ami na mstari wa zamani ambayo haijaamuliwa. Wapwa wanasema ni yao tangu mjomba wa kwanza, na Ami anasema hapo hatarudi nyuma tena. Wazee watakaa baada ya Idi, na wasipoelewana itabidi kwenda Kwale kwa kadhi. Kwa sasa nazi zake zinaangushwa siku moja, zinagawanywa mafungu mawili, na mkwezi analipwa na nyumba zote mbili.