Jinsi ya Kuisoma Dola Bila Kukaa Dodoma

Ukitaka kujua nchi iliyotoka ukoloni inavyotawaliwa, usikimbilie Dodoma. Huko utapewa chai, hotuba na nakala ya sera, kisha utarudi chuoni umeshiba na hujaona kitu. Kata tiketi ya treni Tabora, uende Mpanda, mkoani Katavi.

Tena panda treni, siyo ndege. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilometa zipatazo 210, Waingereza walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Abiria hawakuwa hoja. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na wenyeji wakaigeuza yao. Kila unachokiona dirishani, uliza kilianzishwa kwa faida ya nani na leo kinamfaa nani. Swali hilo litakusaidia kuliko nusu ya nadharia ulizopakia.

Ukishafika, usianze kuhoji watu. Anza kugongesha mihuri. Ukiwa na kibali chako cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akuandikie barua kwa mwenzake wa wilaya, naye akupeleke kwa mtendaji wa kata, naye kwa mtendaji wa kijiji. Watafiti wengi hununa hapa. Wewe toa daftari, maana ngazi hiyo ndiyo dola yenyewe. Mkuu wa wilaya, ambaye ofisi yake utaipitia, huteuliwa kutoka juu, hapigiwi kura, kama ilivyokuwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa enzi ya Mwingereza.

Kisha mtafute mzee wa hapo, mwamkie vizuri, umuulize ameishi mikoa mingapi. Kama alizaliwa kabla ya uhuru, amekuwa mtu wa Jimbo la Magharibi, wa Tabora, wa Rukwa miaka ya 1970, wa Katavi tangu 2012, na nyumba hajahama. Wapo watakaokuambia mkoa uliletwa na Mizengo Pinda, Mtoto wa Mkulima, kwa kuwa alikuwa Waziri Mkuu na ni wa huku. Usimeze jibu hilo upesi. Geita, Njombe na Simiyu ilizaliwa mwaka ule ule, na kufuata huduma za mkoa Sumbawanga kulimaanisha safari ya zaidi ya kilometa 200. Isitoshe, hapa hapakuwa pa kuzawadiwa kwa utii: mwaka 2005, Kikwete alipozoa asilimia 80 ya kura za urais, chama cha upinzani cha Chadema kiliambulia majimbo matano tu nchi nzima, na moja lilikuwa hapa, Mpanda Kati, la Said Arfi. Akarudi bungeni 2010, Pinda akiwa Waziri Mkuu. Anayedai watu wa pembezoni hupiga kura kwa mazoea, mlete Mpanda.

Sasa fika Katumba na Mishamo, na usiende kwa ziara ya saa mbili. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa misitu hii, Katumba kwanza, Mishamo baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakafyeka, wakalima, wakazaa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980 akiwasikiliza wanavyoisimulia historia yao, na kitabu alichokitoa 1995 kinasomwa duniani kote. Kisome, lakini kisikufanye udhani hadithi iliishia hapo.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000, pamoja na wale wa makazi ya Ulyankulu. Nchi chache duniani zimewahi kuwa na ukarimu wa kiasi hicho, na ninaona fahari nao. Lakini vyeti vilianza kutolewa 2014. Katikati yake kulikuwa na mpango wa kuwatawanya mikoa mingine, mpango uliokwama, na watu walioukana uraia wa Burundi wakangoja bila karatasi ya Tanzania mkononi. Sijui somo la siasa lililo zito kuliko hilo: dola kukukubali kwa mdomo na kukuweka benchi kwa maandishi.

Kwa hiyo muulize aliyengoja alijiandikisha kama nani kila alipofika dirishani pa ofisi miaka ile. Halafu mtafute na karani aliyekaa upande wa pili wa meza. Naye alikuwa akifuata agizo, na agizo lina barua. Omba namba ya kumbukumbu.