Ndoo Isishikwe na Mwanamume

Hongera, wateja wa Lavington na Kileleshwa jijini Nairobi, kwa msimamo wenu. Kina mama kutoka Kawangware wamejipanga kando ya geti tangu alfajiri wakisubiri kuitwa kufua. Akitokea kijana wa kiume naye anatafuta kibarua, mlinzi humwonyesha njia kabla hajamaliza salamu. Haki kabisa. Mwanamume atajuaje kusugua kola?

Ni kweli, miaka ya 1920 waliofulia Wazungu wa Nairobi, wakawapikia na kuwapigia pasi, walikuwa wanaume. Lakini wale walivaa kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Huenda kipande ndicho kilichokuwa kikifua.

Kijana huyohuyo akiajiriwa kwa dobi mwenye mashine, akapewa fulana yenye nembo, ghafla anaaminiwa hata kwa shela ya harusi. Mlinzi naye ni mwanamume, funguo zote anazo, hana ubaya. Hatari ni beseni.

Mama ndiye anayefaa. Anakamua blanketi lililolowa chepechepe, anapanda nalo ngazi hadi darini kulianika. Kazi nyepesi ya kike hiyo, na malipo tumeyafanya mepesi vilevile, yasimlemee akirudi Kawangware kwa miguu.