Muhuri wa Kikundi cha Sabuni

Ikifika Julai, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hupata msimu wake wa wageni. Maharage yameshavunwa, vumbi limepanda hadi kwenye paa za turubai, na magari yanaanza kushusha vijana wenye mabegi makubwa mgongoni waliokuja kufanya mazoezi ya kazi. Wengi hutoka vyuo vya Mbarara, wachache Ulaya. Mwaka jana sisi tulipata binti wa Beijing.

Mimi ni mkalimani wa kikundi cha Wakongomani kinachotengeneza sabuni ya maji hapa Base Camp. Nasema mkalimani kwa kuwa ndivyo kitambulisho kinavyosema; kazi yenyewe ni kubeba madumu. Kwa hiyo nilifurahi kusikia kwamba mgeni anasomea Kiswahili chuoni kwao. Si ajabu: Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vinakifundisha hadi leo. Likizo ya kiangazi ilimtaka akafanye kazi mahali lugha hiyo inapozungumzwa. Wenzake walipata Dar es Salaam na Zanzibar. Yeye, kwa njia ambayo hata mwenyewe hakuweza kuieleza, aliangukia Uganda, nchi iliyokiingiza Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na tangu siku hiyo kimesimama mlangoni kinangoja kuambiwa karibu.

Siku ya kwanza aliomba maji ya moto. Mama jirani akaleta beseni lililojaa, kipande cha sabuni na kitenge, akamwonyesha bafu. Binti akaoga kwa adabu, akatoka, akaomba maji ya moto tena. Mama akanivuta pembeni: "Kwao wanaogaka mara ngapi kwa siku?" Ilibidi nieleze kwamba Wachina wengi huyanywa hivyohivyo, bila majani wala sukari, hata jua likiwa la utosi. Maelezo yangu yaliharibu mambo. Mtu anayekunywa maji matupu ya moto saa saba mchana, hapa kwetu, ni mgonjwa. "Eko na malaria, si munaona?" Kufika jioni majani ya mubirizi yalikuwa jikoni yanachemka. Wanyankole wanayajua, Wanyarwanda wanayajua, na hakuna kabila lililowahi kuyasifia ladha. Binti akamaliza kikombe, akasema dawa za bibi yake ni chungu kuliko hizi. Tangu hapo akina mama hawakumwita mgeni.

Pesa nazo zilikuwa na kisa chao. Kwao hata muuza mboga hulipwa kwa simu: unaelekeza kamera kwenye kikaratasi chenye vimiraba vyeusi na vyeupe, basi. Akaelekeza simu kwenye sinia la mandazi akitafuta vimiraba. Muuzaji, akidhani anapigwa picha, akafunga kitambaa chake upya, akatabasamu. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize.

Kazi lakini aliiweza. Alitengeneza lebo mpya, akapiga hesabu za magadi na manukato, akagundua kwamba kwenye dumu la lita 20 tulikuwa tunauza kwa hasara. Mhasibu wetu hajamsamehe.

Wiki ya mwisho ndipo ikajitokeza karatasi. Chuo kilitaka hati ya kuthibitisha mazoezi, na hati hiyo iwe na muhuri. Ningemcheka, ila nimeishi Nakivale miaka ya kutosha kujua uzito wa karatasi iliyopigwa muhuri: makazi haya yapo tangu 1958, yana watu zaidi ya laki mbili, na sidhani kama kuna mmoja wetu asiye na mfuko wa plastiki wa karatasi za namna hiyo chini ya godoro. Naye alikuwa na sababu zake. Mwaka 2024 wahitimu wa vyuo vya China walikuwa karibu milioni 12. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, kisha serikali ikaacha kuitangaza takwimu hiyo kwa miezi kadhaa. Katika foleni ya namna hiyo, kijana haendi mikono mitupu.

Muhuri tunao. Hukaa kwenye mkoba wa katibu, kwa sababu katibu haamini mtu. Na katibu alikuwa amepeleka sabuni Kikagate, simu yake imeshakamata mtandao wa Tanzania, haipatikani. Tukapanda boda hadi barabara kuu, tukaingia kwenye gari lililojaa ndizi, tukateremka mpakani.

Kikagate unaiona Tanzania kama jirani anayekula uani kwake. Mto Kagera unapita katikati, ng'ambo ni Murongo, na hapohapo kuna bwawa la umeme la megawati 14 ambalo Rais Museveni na Rais Samia walilizindua Mei 2023, umeme wake ukigawanywa nusu kwa nusu. Tukaambiwa katibu amevuka daraja. Binti alikuwa na viza ya kuingia mara moja tu. Akivuka, kurudi ni kulipa upya. Mimi sina hati ya kusafiria. Tukasimama.

Ndipo akapita mzee wa Murongo akisukuma baiskeli, na binti akamwambia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu!" Mzee akaegesha baiskeli.

Wiki nyingi binti alikuwa akirusha Kiswahili chake fasaha na kurudishiwa Kinyankole, Kinyarwanda, au Kiswahili chetu cha Kivu ambacho vitabu vyake havikukitaja. Sasa alimpata mtu wa kumjibu sentensi kwa sentensi. Mzee aliuliza hali ya wazazi, mvua za Beijing, kama kwao wanalima kahawa, kama ameolewa, na kama hajaolewa tatizo ni nini. Sikuwa na kazi ya ukalimani hata kidogo. Tukiwa tumewapa mgongo wapita njia, katibu alivuka daraja juu ya boda na madumu matupu, akatupita na muhuri wetu mkobani. Alituona. Alidhani tumemleta mgeni kutalii.

Usiku ule hati ikapigwa muhuri, picha ikatumwa. Jibu likaingia saa kumi za usiku, kwao ikiwa saa tatu asubuhi na ofisi ndiyo kwanza imefunguliwa: muhuri huu ni wa bluu, tena wa mstatili. Wanataka wa duara, mwekundu.

Tukaenda Mbarara. Nyuma ya High Street kuna fundi anayechonga mihuri huku ukingoja. Akapokea malipo ya awali, akaanza kukata mpira. Binti hakuyaamini macho yake. China muhuri wa taasisi huandikishwa polisi kabla ya kuchongwa, kwa hiyo akainama na kuuliza kwa ile lafudhi ya redio: "Samahani, mzee, polisi wameshaarifiwa?"

Uganda hii Kiswahili kimekaa katika kambi za jeshi miaka mingi; wapo watu ambao wakikisikia mikono huinuka yenyewe. Fundi aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunika meza kwa gazeti, akasema anakwenda kuchukua chenji. Hatukumwona tena, wala ile pesa. Tulirudi na pedi ya wino mwekundu.

Katibu akapiga wetu wa mstatili kwa wekundu. Mchungaji, mwenye muhuri wa duara wa kanisa, akaongeza wake. Mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji, aliyekuwa anapita tu, akasema hati bila yeye haiwezi kusafiri, akapiga wake mara mbili. Chuo kikapokea bila neno.

Pedi ile mwenyekiti aliiazima na hajairudisha, kwa hiyo barua zote za kijiji sasa ni nyekundu. Juzi jirani alipeleka ya kwake Mbarara kufungua akaunti. Karani akaigeuzageuza, akaimulika dirishani, akamuuliza muhuri huu wa wapi. Jirani, mlokole asiyesema uongo, akajibu kwamba alivyosikia yeye ni wa Beijing. Akaunti bado haijafunguliwa.